Povu Kwenye Vigae

Rafiki yangu Shawkat ni fundi wa gesi huko Shubra, Kairo, na hadi leo akisimulia kisa hiki hasira humpanda upya. Asubuhi moja mwenye nyumba, Hajji Mitwalli, alimwita akague hita ya gesi bafuni, maana bibi harusi alikuwa anahamia kesho yake. Bafu lenyewe Shawkat alilijua. Bi Insaf, mpangaji aliyetangulia, alifia mle akioga, kwa kuwa tundu la kutolea moshi wa hita lilikuwa limezibwa.

Sasa lilikuwa limezibwa tena, kwa vigae vya maua.

"Hajji, umerudia?"

"Tundu linaharibu sura ya nyumba, mwanangu. Wewe tia sahihi hati ya ukaguzi."

"Nitie sahihi huyu mtoto wa watu naye afe?"

"Insaf alikuwa na moyo mbovu."

"Moyo mbovu unao wewe."

Alipaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba, kama mafundi wote wapimavyo. Halikuvimba popote; hakuna kilichovuja. Hata hivyo alifunga gesi kwenye mita, akarudi kuchukua vifaa vyake katika giza la bafu lile lisilo na dirisha wala taa, tochi mdomoni.

Tone la povu lilikuwa limerukia vigae, pale palipokuwa na tundu. Likavimba. Likanywea. Likavimba tena, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Upepo huo," Hajji alinong'ona.

Shawkat alichukua nyundo. Hajji akamng'ang'ania mkono. "Vigae vyangu, wewe!"

Ukutani, povu likaanza kuvimba na kunywea harakaharaka, kama pumzi ya mtu anayekosa hewa.