Kisabuni na Kihisi cha Darini

Kila siku alipotoka shule, Kisabuni hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alizunguka nyuma ya kituo cha afya, ambako mama yake alikuwa fundi wa mtambo wa haidrojeni. Langoni alisimamishwa na mlinzi, ambaye watu wote walimwita Mzee Simama. Hilo ndilo neno lililomtoka kwanza, awe amekutana na daktari, mgonjwa au mbuzi wa jirani.

"Simama! Una simu?"

"Sina, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Kiberiti?"

"Babu, mimi nina miaka kumi na miwili. Kiberiti cha nini?"

"Sijakuuliza umri. Nimekuuliza kiberiti."

"Sina."

"Haya, gusa shaba upite, mjukuu wangu."

Kisabuni aligusa kipande cha shaba kilichofungwa kwenye nguzo ya mlango. Umeme mdogo unaojikusanya kwenye nguo uliishia ardhini hapo, usije ukarusha cheche ndani. Kando ya shaba ulining'inia ufagio wa nyasi wenye mpini mrefu, ambao haukuwahi kufagia hata kijiti. Mzee Simama alipenda kusema kwamba huo ndio mfanyakazi mvivu kuliko wote pale, kisha akajisahihisha kuwa wa pili ni mpwa wake.

Mtambo wenyewe ulikuwa hivi. Mchana, umeme wa jua uliyatenganisha maji yakawa gesi mbili, na ile ya haidrojeni ikahifadhiwa kwenye tangi nje, ndani ya uzio. Umeme wa mji ukikatika, gesi hiyo ilirudi mtamboni na kutoa umeme mwingine. Ila mtambo ulikuwa bado kwenye majaribio. Bila kibali cha mkaguzi haukuruhusiwa kuunganishwa na wodi ya wazazi, na wauguzi wa huko waliendelea kupokea watoto kwa mwanga wa tochi. Mama alikuwa amesomea kazi hii miaka miwili mbali na nyumbani. Akinyimwa kibali, mtambo ungefungwa kufuli, naye angerudi kutengeneza pasi na redio za watu.

Jina la Kisabuni lilitokana na kazi yake. Alikoroga maji na sabuni kwenye kopo mpaka povu likae vizuri, akampa mama kopo hilo kwenye mstari wa njano, asiouvuka mtambo ukiwa unafanya kazi. Mama alichovya brashi akapaka kila mahali bomba lilipoungana na bomba. Gesi ya haidrojeni haina rangi wala harufu, lakini ikivuja huchemsha povu.

"Na ikishika moto?" Kisabuni aliwahi kuuliza.

"Moto wake mchana huwezi kuuona kwa urahisi. Unaweza kuuingia mzima mzima. Ndiyo maana tuna ule ufagio. Tukiwa na wasiwasi, unautanguliza mbele yako. Ncha ikiungua, wewe unarudi ukiwa na nyusi zako."

Ukutani palikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyekundu: YEYOTE AKISEMA SIMAMA, KAZI INASIMAMA. MASWALI BAADAYE. Mzee Simama aliamini kabisa kwamba sheria hiyo ilitungwa kwa heshima yake.

Siku mbili kabla ya ukaguzi, mama aliuzima mtambo, akafunga valvu ya tangi na kuiondoa gesi yote kwenye mabomba ili chumba kisafishwe. Siku hiyo Kisabuni aliruhusiwa kuvuka mstari. Alivaa kanga ya zamani ya mama, akapanda ngazi na kuanza kufuta dari kwa kitambaa na maji ya sabuni. Mama alilegeza bomba moja ili afute vumbi nyuma yake.

Darini, karibu na matundu ya hewa, kulikuwa na kihisi, kifaa kidogo cheupe chenye taa ya kijani. Kiliwekwa juu kwa sababu haidrojeni ni nyepesi mno, ikitoka tu inapanda. Gesi ikizidi, kihisi kilizima mtambo na kupiga king'ora. Kisabuni aliogopa maji yasije yakakiingia. Akachukua mfuko mweupe wa plastiki, akakivisha vizuri, akaufunga kwa mpira. Aliona fahari kwa kufikiria jambo hilo mwenyewe.

Alikuwa bado ngazini sauti ya Mzee Simama iliposikika dirishani. "Fundi! Mkaguzi amepiga simu ya ofisini. Anakuja kesho saa saba mchana, si keshokutwa!"

"Kesho?" Mama alishika kichwa. "Mwanangu, shuka! Kimbia nyumbani ukanipigie pasi ovaroli, mimi namalizia hapa."

Kisabuni alishuka mbio. Mama akakaza bomba, akaondoa ngazi, akafunga mlango.

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya saa saba, Kisabuni alikuwa amekaa na rafiki yake chini ya ukuta wa darasa. Rafiki yake alitoa mkate kwenye mfuko mweupe uliofungwa kwa mpira. Aliuvuta mpira, ukalia pwa! Kisabuni akasimama ghafla.

"Nini tena? Nakupa, usinikodolee macho hivyo," rafiki yake alisema.

Kisabuni hakumsikia. Alikuwa anauona mfuko mwingine, kule darini. Alikwenda kwa mwalimu wa zamu, akaeleza kwa pumzi moja, na mwalimu akamwambia, "Nenda. Usisimame njiani."

Alikimbia mpaka ubavu ukamchoma. Kwa kuwa miguu ilikuwa na kazi yake, akili ilipata nafasi ya kumletea maneno. Labda hakuna kinachovuja. Labda mkaguzi hatatazama juu. Mfuko mweupe, kihisi cheupe, nani ataona? Angesubiri wageni waondoke, apande ngazi, autoe, na mama apate kibali chake bila aibu. Wazo hilo lilikuwa tamu, na alilipenda karibu njia nzima.

"Simama!" alisema Mzee Simama langoni. "Leo siku ya wageni. Na wewe mbona unatweta hivyo?"

Kupitia mlango uliokuwa wazi, Kisabuni alimwona mama akiwa na ovaroli iliyonyooka. Pembeni yake alisimama mkaguzi, bwana mrefu mwenye miwani, na daktari mkuu wa kituo. Mtambo ulikuwa unanguruma tangu asubuhi. Mama alikuwa akieleza jambo huku akicheka, na hakuwa mtu wa kucheka mbele ya wageni. Watu watatu walikuwa chini ya dari ile, mmoja wao mama yake. Wazo lile tamu likamgeukia chungu.

"Simama!" alipiga kelele. "Mama, simama!"

Mama hakuuliza kwa nini. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe chekundu, mtambo ukakata sauti, na valvu ya tangi ikajifunga. "Tutoke nje, tafadhali, mpaka kwenye uzio," aliwaambia wageni kwa sauti ya kawaida. Walitoka wote. Hapo tu ndipo alipomgeukia mwanawe. "Haya. Sasa maswali. Kuna nini?"

Kisabuni alitazama viatu vyake, vyeupe kwa vumbi. "Jana nilikivika kihisi mfuko. Nisikimwagie maji. Nikasahau kuuvua." Machozi yalianza kumtoka. "Nisamehe, mama. Nimekuharibia."

Daktari alikohoa. Mkaguzi alifungua daftari lake polepole, akauliza, "Fundi, nani alikagua kihisi leo asubuhi?"

Mama angeweza kusema lolote. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa mfukoni mwake, na kwenye mstari wa kihisi palikuwa na alama ya vema, safi kabisa.

"Mimi," alisema. "Niliona mwanga wa kijani kule juu, kumbe ulikuwa unapenya kwenye mfuko, nikaweka alama. Ile taa inaonyesha tu kwamba kina umeme. Haionyeshi kwamba kinahisi. Sikukijaribu. Mtoto alisahau mfuko, lakini mtu mzima aliyesaini ni mimi."

Mkaguzi aliandika. Kisabuni alitamani ardhi ipasuke aingie.

Walisubiri nusu saa hewa ipite. Kisha mama alichukua ufagio wa nyasi, akautanguliza mbele kama mtu anayepapasa njia gizani, mkono wa pili ukiwa umeinua juu kipimo cha gesi. Ncha ya ufagio haikuungua. Lakini alipofika chini ya kihisi, kipimo kililia ti, ti, ti, kwa udhaifu, kisha kikanyamaza. Mabaki ya gesi yalikuwa bado yanapita kuelekea kwenye matundu.

"Kumbe ilikuwepo," alisema mkaguzi kutoka mlangoni. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

Mama alitoka, akajaza mabomba naitrojeni, gesi isiyowaka, ili atafute pa kuvuja bila hatari. Akageuka. "Sabuni iko wapi?"

Kisabuni alikoroga povu, akampa mama kopo. Mama alipaka ungio la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye lile la nne, la bomba alilolilegeza jana kwa ajili ya vumbi, povu lilianza kupanda kidogo kidogo kama uji unaokaribia kuchemka. Nati ilikuwa imekazwa kwa haraka, ikabaki robo mzunguko. Mama aliimalizia kwa spana, akapaka tena. Povu likatulia.

"Bwana mkaguzi, tumepata," alisema. "Matundu ya juu yametusaidia, la sivyo gesi ingejaa pale darini. Na kesho, keshokutwa, nati ingezidi kulegea."

"Na kihisi kingekuwa kimelala ndani ya mfuko wake," mkaguzi alimalizia. "Leo sisaini, fundi. Nitarudi kesho saa tatu asubuhi. Nataka niione karatasi mpya ya ukaguzi."

Jioni ile mama na mwana walikaa mezani nyumbani, karatasi nyeupe katikati yao. Kisabuni alingoja akemewe mpaka akachoka kungoja.

"Mama, umekasirika?"

"Kuhusu mfuko, nilikasirika kidogo. Kwa nini hukuniambia ulipouweka?"

"Nilidhani nimefanya jambo zuri."

"Ulifanya jambo zuri, lakini ulilifanya kimyakimya. Kwenye gesi, hata jambo zuri linatangazwa." Mama alimsogezea kalamu. "Andika wewe, una mwandiko unaosomeka. Mstari wa kwanza kabisa: Inua macho utazame kihisi. Wa pili: Kijaribu kwa gesi ya majaribio, usiridhike na taa. Wa tatu: Bomba lililoguswa jana lipakwe sabuni kabla ya mtambo kuwashwa leo."

Asubuhi, mkaguzi alifuata karatasi ile mstari kwa mstari, mbele ya Mzee Simama aliyejiona shahidi wa serikali. Mama alipanda ngazi, akapuliza gesi kidogo ya majaribio kwenye kihisi. King'ora kililia kwa nguvu, mtambo ukazima wenyewe, na mbuzi wa jirani akaruka ua. Mkaguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alisaini kibali, akakigonga mhuri, kisha akamwita Kisabuni, ambaye shule ilimpa ruhusa ya kuchelewa.

"Nimekagua mitambo mingi," alisema. "Mashine mbovu nazijua, zinatengenezeka. Ninachokiogopa ni mahali ambapo watu wanaogopa kusema. Jana wewe ulisema simama, mama yako akasimamisha bila kuuliza, halafu naye akasema kosa lake. Kwa watu wa namna hiyo gesi hii nitaiacha bila wasiwasi. Ukikosea tena, na utakosea, sema mapema."

Wiki ile ile nyaya za wodi ya wazazi ziliunganishwa. Siku moja, jua likiwa linazama, Kisabuni na mama walikuwa wanatoka langoni umeme wa mji ulipokatika. Maduka yote ya barabarani yakawa giza, redio ya kinyozi ikanyamaza katikati ya wimbo. Madirisha ya wodi yaliendelea kuwaka. Muuguzi alipita dirishani amebeba mtoto mchanga, hata hakugeuka kutazama taa. Kule ndani hakuna aliyejua kwamba umeme umekatika.

Mama alitazama madirisha yale kwa muda. "Umeona?" alisema. "Hii ndiyo kazi yetu ikifanywa vizuri. Na usifikiri imewaka kwa sababu hatukukosea. Imewaka kwa sababu ulisema."

"Simama!" sauti ilitoka gizani nyuma yao. Mzee Simama alikuwa ameshika kopo. "Mmesahau sabuni yenu."