Busta na Kabichi za Bondeni

Kila asubuhi, chai ikishanywewa, Paskalina hushuka kwenye kinyungu chake. Ndivyo watu wa Iringa wanavyoita bustani ya bondeni. Hapo hulima kabichi wakati wa kiangazi.

Mwaka huu mumewe, Rabson, alikuwa ametoa neno la mwisho. "Mboga zikishindwa tena, bonde napanda milingoti. Wenzetu wote wanapanda miti, sisi tumelala tu."

Paskalina hakubishana. Alikwenda mjini akanunua busta, maji ya mwani yanayochangamsha mimea. Alifurahi kupita kiasi! Samadi akaiacha zizini. Ya nini kujitwisha ndoo za mavi ya ng'ombe, na chupa ipo? Akapulizia saa sita mchana, jua la utosi. Juu ya kipimo akaongeza vifuniko viwili, ili mambo yaende haraka.

Baada ya wiki tatu kabichi zilikuwa zimedumaa. Majani yamepauka, kingo zimeungua. Paskalina alikaa kwenye tuta, akashika tama.

Faustina, bibi shamba wa kijiji, alikuwa anapita.

"Kamwene, Mama Clement! Kulikoni?"

"Kamwene, dada. Njoo uone. Hii busta ni feki!"

Faustina aliisoma lebo, kisha akauliza, "Samadi uliweka?"

"Samadi ya nini tena? Si nimeweka busta?"

Faustina alicheka mpaka akashika kiuno. "Jamani, Mama Clement! Busta siyo chakula. Inaamsha mizizi, mmea unakula vizuri. Sasa wewe umezitia kabichi hamu ya kula, halafu ugali hujapika!"

Paskalina naye akacheka, ingawa aibu ilimjaa. "Na huku kuungua?"

"Umezidisha kipimo, tena mchana. Fuata lebo. Pulizia asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limepoa. Halafu busta haiui wadudu, kwa hiyo kagua majani kila siku."

"Nimeshachelewa?"

"Bado. Hazijaanza kufunga vichwa. Weka samadi iliyooza kwenye shamba zima. Ila ile mistari mitatu ya mwisho usiipulizie busta. Tuone tofauti kwa macho."

Paskalina alibeba samadi siku mbili, shingo ikamuuma kweli. Wiki iliyofuata alipima busta sawasawa, akapulizia alfajiri. Baada ya wiki mbili akarudia. Majani mapya yalitoka mapana, ya kijani kibichi. Kabichi zikaanza kufunga. Alikuwa anashuka bondeni mara tatu kwa siku, kuzitazama tu!

Siku moja akashindwa kuvumilia. "Rabson! Rabson wee! Njoo uone!"

Rabson alikuja mbio akidhani kuna nyoka. Akasimama. Mistari mitatu ya mwisho ilikuwa mizuri, samadi imefanya kazi yake. Lakini ile mingine! Kabichi kubwa, nzito, zimefunga kabisa. Aliibonyeza moja, akabonyeza ya pili.

Simu yake ikaita. Alikuwa kaka yake, akiuliza miche ya milingoti ailete bondeni lini.

"Ipeleke kule kilimani, kaka," Rabson alijibu, mkono wake bado juu ya kabichi. "Bonde lina mwenyewe."

Paskalina alipiga kigelegele, watu wa ng'ambo ya bonde wakageuka.