Ungo wa Sauti

Ungo ulipaa kutoka juu ya paa la ukumbi, mdogo kama sinia la pilau, na wajumbe wa Mkutano wa Dunia wa Mtandao wa Simu wakainua nyuso kama watoto wanaotazama fataki. Haukuunguruma wala haukufungwa waya. Ulitulia angani juu ya jiji la Mwanza kama kitu kilichotundikwa, tayari kubeba sauti ambazo zamani zilihitaji msitu wa minara.

"Siri yake ni kupepeta," alisema Mhandisi Minza Kwilasa jukwaani, huku mashine za ukalimani zikigeuza maneno yake katika lugha za wajumbe. "Mtu akizungumza, simu yake inangoja amalize. Inachagua punje, yaani habari yenyewe, na kuirusha kwa Ungo. Pumba zinabaki kwenye simu. Kwa njia hiyo Ungo mmoja unaweza kuwahudumia watu wengi mno, bila malipo!"

Makofi yalilipuka. Kura ingepigwa alasiri ile ile. Ikipita, Ungo ungerushwa juu ya kila kisiwa na kila jangwa ambalo kampuni za simu zililiruka kwa kuwa halina faida. Minza alizaliwa kwenye kisiwa cha namna hiyo, Busumba, na tangu chuoni hakuwa na ndoto nyingine.

"Hizo pumba ni zipi hasa?" aliuliza mwenyekiti wa mkutano, Bi. Salhina, mama wa Kipemba mwenye sauti ya upole na macho ya utani.

"Salamu ndefu, Bi. Mwenyekiti. Na kurudiarudia."

"Salamu! Basi sisi Wapemba umetumaliza."

Ukumbi ukacheka. Mugeta, rafiki yake Minza aliyeendesha mitambo, akadakia, "Na Wasukuma je? Mama yake huyu akianza kusalimia, chai inapoa, inachemshwa, inapoa tena!"

"Koma wewe," Minza alisema akicheka. "Haya, nipigie huyo huyo mama."

Simu iliitika.

"Shikamoo, mama. Habari za nyumbani? Mbegu zimefika?"

Simu ya mama ilingoja amalize, ikapepeta. Kisha sauti ikaja, safi kana kwamba mama yumo ukumbini. "Marahaba, mwanangu. Nzuri. Mbegu zimefika."

Watu walisimama wakishangilia. Hivyo ndivyo mama na binti walivyozungumza tangu majaribio yaanze wakati wa vuli, na kila mara habari zilikuwa nzuri.

"Sasa tusikie na pumba," alisema Bi. Salhina. "Wajumbe wajue tunatupa nini kabla ya kupiga kura."

Minza alikubali kwa moyo mweupe. Aliona hakuna ushahidi bora kuliko huo. Mugeta akaivuta sauti nzima, punje na pumba zake, taratibu kutoka kwenye simu ya mama, na sauti ile ile ikajaza ukumbi.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Umeamkaje? Nzuri, nzuri tu, tunashukuru, tumeamka. Ila baba yako ndiyo kama nilivyokwambia, kifua hakijamwacha. Jana amekohoa damu. Anasema nisikusumbue. Kila nikikwambia hunijibu kitu, nami najisemea sawa, mtoto ana kazi za watu. Basi. Mbegu zimefika."

Mashine za ukalimani hazikumaliza pamoja, kwa hiyo ukumbi ulinyamaza lugha moja baada ya nyingine.

Minza alishika ukingo wa meza. Ni yeye aliyeifundisha mashine kuchukua jibu la kwanza la "habari" na kuacha mengine, maana katika mamilioni ya mazungumzo, hayo mengine yalifanana. Alisahau jambo ambalo kila mtoto wa Busumba analijua: hata penye msiba mtu hujibu "nzuri" kwanza. Lililo baya hungoja salamu zitulie, ndipo lisemwe.

"Tuseme ni hitilafu," Mugeta alimnong'oneza. "Minza, dada yangu, kura hiyo inatuponyoka!"

"Si hitilafu. Ungo umefanya nilivyoufundisha." Akawageukia wajumbe. "Waheshimiwa, naomba msipige kura leo. Nautaka mtandao huu ufike kwetu kuliko mtu yeyote humu ndani. Lakini Ungo wangu bado haujui kusikiliza."

"Kura itangoja," alisema Bi. Salhina. "Na wewe utaufundisha upya."

"Nitaufundisha!" Tayari aliiona njia, na moyo ukaanza tena kumwenda mbio. "Mugeta, iite ndege-tabibu iende Busumba. Kisha zima upepetaji, unipe mama."

"Ndege nimeshaiita. Lakini sauti nzima itakula nafasi yote. Simu za ukumbi mzima zitakatika."

"Zikatike," alisema Bi. Salhina, akazima yake na kuilaza mezani. Mjumbe aliyekaa kando yake akafanya vivyo hivyo, kisha safu ya mbele, kisha ya nyuma yake, hadi watu waliokuja kuiunganisha dunia nzima kwa simu wakabaki mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," alisema mama.

Minza akangoja salamu zitulie.