Dawa Kabla Maumivu Hayajapamba Moto

Akiwa kitandani, Mama Pindo alisikia cherehani yake ikilia barazani. Aliyekuwa akiikanyaga ni mdogo wake.

Mama Pindo ni fundi wa nguo. Kwa miaka mingi hedhi ilimtesa, hata kukaa kwenye kiti akashindwa. Daktari aligundua ana endometriosi: nyama zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba zilikuwa zimeota nje yake. Akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Mdogo wake akaja kumshikia kazi.

"Pindo la gauni limenyooka kweli," mteja alisema huko nje. "Sasa nguo zangu nitakuletea wewe."

Wivu ulimkaba Mama Pindo. Cherehani yake, wateja wake, sifa anapewa mwingine. Akajikongoja mpaka barazani.

"Ondoka hapo."

"Dada, kidonda bado kibichi."

"Nimesema ondoka."

Akaketi, akakanyaga. Maumivu yakamkata tumboni, akajikunja juu ya kitambaa. Mdogo wake akamkimbilia muuguzi, jirani yao wa ukuta mmoja.

Muuguzi alikagua kidonda. "Nyuzi hazijafumuka. Shoga, dawa umemeza saa ngapi?"

"Sijameza. Naweka akiba, nimeze yakizidi."

"Akiba ya vidonge haizai faida. Meza kwa saa ulizoandikiwa, usingoje maumivu yapambe moto, na usizidishe. Ukikohoa, kumbatia mto tumboni. Tembea polepole ndani ya nyumba. Kitu kizito usinyanyue, cherehani usikanyage mpaka daktari aruhusu. Ukipata homa, kidonda kikitoa usaha, ukitokwa na damu nyingi, au maumivu yakizidi hata baada ya dawa, nenda hospitali mara moja."

"Na huyu ataninyang'anya wateja," Mama Pindo alisema, machozi yakimtoka.

"Basi kaa karibu uniamrishe," mdogo wake alijibu. "Kwa kuamrisha, dada, nani anakuweza?"

Mama Pindo alicheka huku amekumbatia tumboni mto alioletewa.

Akaanza kumeza dawa kwa wakati. Usingizi ukarudi. Akawa anatembea hadi barazani bila kushika ukuta, anakaa kando ya mdogo wake na kumwelekeza.

Siku moja mteja akasifu tena kazi ya mdogo wake. Mama Pindo aliivuta ile nguo, akatafuta kosa, akalikosa. Wivu ulimchoma vilevile. Tumbo halikumuuma.