Uhusiano wa Karibu na Mwombaji

"Konokono umewaeleza vizuri sana," Kamanthe alisema, akirudisha karatasi mezani. "Kurasa nne, konokono tu. Lakini wewe mwenyewe uko wapi?"

Urbanus aliangalia kazi yake. Wino mwekundu ulikuwa umejaa kila pembe.

Ilikuwa Jumamosi ya Mei, mwaka 2006, katika chumba kidogo ambacho kanisa moja mjini Machakos lilimwazima Kamanthe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, daktari wa kutafiti magonjwa, mhadhiri Nairobi. Miaka ya nyuma alipata ufadhili wa watafiti chipukizi, ule unaompa kijana miaka mitatu afanye utafiti wake chini ya mlezi mpaka asimame mwenyewe. Aliandika maombi yale peke yake, bila wa kumuuliza, na hakusahau ile taabu. Ndiyo maana Jumamosi zake alizitoa kuwafundisha vijana kama Urbanus kuandika maombi ya ufadhili huo.

Urbanus Kimeu alikuwa mtu wa maabara katika hospitali ya hapo mjini. Alitaka kutafiti kichocho kwa watoto wanaooga kwenye mfereji wa Yatta, karibu na Matuu alikozaliwa. Ugonjwa huo huletwa na konokono wa majini, na yeye alikuwa anawajua konokono kuliko majirani zake.

"Hawa watu hawafadhili konokono," Kamanthe aliendelea. "Wanafadhili mtu. Wanataka kujua kwa nini ni wewe na si mwingine."

Bila kumwangalia, Urbanus akamweleza kwamba akiwa na miaka kumi alikojoa damu karibu mwaka mzima. Hakumwambia mtu. Alidhani amefanya dhambi fulani na Mungu anamwadhibu. Mama yake alikuja kujua siku aliyokuwa akimfulia kaptura.

"Hiyo stori nimeambia wewe peke yako, Daktari."

"Basi iandike vile umeniambia. Usiipambe."

Aliiandika. Wiki ile ilipoisha, Kamanthe aliisoma mara mbili, na safari hii kalamu nyekundu haikufunguliwa.

Kutoka hapo wakawa wanakutana hata siku zisizo za darasa. Walipanga masomo atakayoongeza, wakamtafuta profesa wa kuwa mlezi wake, wakapunguza malengo kutoka saba hadi matatu. Siku moja Urbanus alileta konokono hai kwenye chupa, na mmoja akatoroka mpaka juu ya kitabu cha nyimbo cha kwaya. Kamanthe alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Urbanus alimwangalia akicheka, akasahau kumkamata konokono.

Hakusema kitu. Angemwambia nini mtu aliyemzidi masomo na cheo? Kamanthe naye hakusema. Huyu ni kijana ninayemsaidia, alijiambia, na msaada hauna bei.

Maombi yalitumwa katikati ya Juni. Julai ikaja, na Jeremiah, aliyefanya kazi na Urbanus maabara, akamletea habari. Kamanthe alikuwa ameitwa kwenye jopo la kuchagua washindi, heshima kubwa kwa mtu wa umri wake. Halafu akajiondoa. Jeremiah, kwa maoni yake, aliona labda ameaibika na kazi za wanafunzi wake.

Neno hilo lilimchoma Urbanus. Jumamosi iliyofuata hakwenda. Kamanthe akamwandikia ujumbe:

"Uko salama? Leo sijakuona."

Jibu lilichukua siku mbili. "Niko salama Daktari. Asante kwa msaada wako wote."

Kamanthe aliusoma ujumbe huo mara nyingi. Ulikuwa kama barua ya kuaga. Jumatano, saa ya chakula cha mchana, alifika hospitalini mwenyewe, akamkuta Urbanus nje ya maabara akinawa mikono.

"Nimekukosea wapi?" akauliza.

"Hujanikosea. Ni vile nimesikia umetoka kwa jopo. Kama kazi yangu ilikuwa mbaya, si ungeniambia tu? Nimezoea wino wako."

"Nani amesema ni mbaya?"

"Sasa ulitoka kwa nini?"

Kamanthe aliangalia kando. Wagonjwa walikuwa wamepanga foleni kwenye jua, na mama mmoja alikuwa ameacha kula ndizi yake ili asikie vizuri.

"Kabla uketi kwa jopo unapewa fomu," alisema polepole. "Kuna swali. Je, una uhusiano wa karibu na mwombaji yeyote? Ningeandika nimekusaidia kupanga maombi, waniambie nitoke nje wakifika kwa jina lako, yaishe. Lakini huo haungekuwa ukweli wote."

"Uliandika nini?"

"Niliandika ndiyo. Wakaacha mstari wa maelezo. Nikaandika: nampenda, na yeye hajui."

Mikono ya Urbanus ilikuwa bado inatiririka maji. Alitafuta pa kuifutia, akaifuta kwenye koti lake jeupe.

"Umeambia jopo kabla uniambie mimi," alisema hatimaye.

"Fomu ilikuwa na tarehe ya mwisho."

Urbanus akaanza kucheka, na kicheko kile kikamtoa Kamanthe hofu yote aliyokuja nayo.

"Kamanthe," alimwita, mara ya kwanza bila udaktari. "Tangu Mei natafuta vile nitakuambia. Nimeandika na kufuta. Mimi ndiye sijui kuandika maombi."

"Hayo yamepita," alijibu. "Lakini sikiza. Ukiitwa kwenye usaili wa Agosti, utajiandaa bila mimi. Ukishinda, nataka iwe wewe umeshinda."

Walishikilia hilo. Mwezi mzima waliongea habari za kila kitu isipokuwa kichocho. Urbanus alikwenda Nairobi peke yake, akakaa mbele ya watu watano, na walipomuuliza kwa nini yeye, aliwaeleza habari ya mtoto wa miaka kumi bila sauti yake kutetemeka. Septemba aliitwa kwenye simu akiwa kazini. Amepata. Jeremiah ndiye aliyempigia makofi ya kwanza, kisha akaomba radhi kwa maneno yale, na kuuliza kama Jumamosi kuna nafasi darasani.

Desemba familia ya Kimeu ilipeleka mbuzi wa ntheo nyumbani kwa kina Kamanthe, wale watatu ambao kwa Wakamba wakipokelewa, binti ameolewa. Wazee walikuwa bado wanasalimiana mbuzi mmoja alipokata kamba na kukimbilia shamba la mbaazi. Bibi arusi alivua viatu akamfukuza, Urbanus nyuma yake, na mama yake Kamanthe akabaki kibarazani ameshika mbavu kwa kucheka, akiwaambia wageni waketi tu, waanze na chai.