Punda Aliyeshonewa Mistari

Kila alfajiri Tarumbeta alikuwa uani, brashi mkononi. Wenzake wa darasa la tano walimpa jina hilo kwa kuwa sauti yake haikujua kunong'ona. Alimsugua punda wao, Subira, akamkagua kwato, kisha akamtandika blanketi kuukuu mgongoni kabla ya mikanda ya mkokoteni. Mama yake aliuza maji, na mkokoteni wa maji ulivutwa na Subira.

Wakati huo fundi chuma alikuwa amemaliza kengele kubwa ya shule. Mwalimu mkuu akasema itavutwa kwa mkokoteni hadi shuleni na punda aliyetunzwa kuliko wote, na daktari wa mifugo ndiye atakayemchagua.

"Atachaguliwa Subira wetu!" Tarumbeta akatangaza darasani.

"Nani, yule?" akauliza Kijiti, mvulana mwembamba mwenye ulimi mrefu. "Punda milia ndiye punda. Huyo wako ni ndugu yake aliyenyimwa nguo!"

Darasa zima likaangua kicheko. Tarumbeta akarudi nyumbani na kushona tandiko la vipande vya magunia, vyeupe na vyeusi. Blanketi lilifanya tandiko livimbe, basi akaliondoa. Watu kisimani wakamsifu Subira: kweli kapendeza!

"Blanketi lipo chini?" Mama akauliza.

"Lipo, Mama."

Asubuhi ya kuchagua punda, Tarumbeta alifunua tandiko. Mshono mgumu ulikuwa umemchuna Subira begani, kidonda kibichi. Akatazama huku na huku, akachota majivu jikoni, akampaka. Subira ni wa rangi ya majivu, nani angejua?

Kwenye karakana ya fundi chuma, daktari aliwakagua punda mmoja mmoja. Huyu amechubuka kifuani, yule ana alama za fimbo. Akafika kwa Subira. Akampapasa miguu, akampitisha mkono mgongoni. Subira akasimama kimya.

"Huyu ndiye," akasema daktari.

Makofi! Mama akainua kichwa kama mama wa bibi harusi. Tarumbeta akanyanyua mikanda, na hapo akaiona ngozi chini ya majivu ikitetemeka. Subira hakupiga teke. Angepiga, pengine ingekuwa afadhali.

"Asifungwe!" sauti ikamtoka. "Ana kidonda! Nimekipaka majivu. Na blanketi, Mama... nilikudanganya."

Hata Kijiti hakucheka. Mama akampokea bintiye mikanda. "Hilo tutaliongea nyumbani," akasema.

Daktari akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi. "Punda hujua kuficha maumivu," akasema. "Hata mimi kanipita."

"Sasa nani atavuta?" akauliza mwalimu mkuu. "Hao wengine wameumia zaidi."

"Mimi," akajibu Tarumbeta, akashika mkono mmoja wa mkokoteni.

Kijiti akakuna kichwa, akashika mkono wa pili. "Haya, ndugu wa punda milia, twende!"

Darasa likasukuma kwa nyuma. Mbele yao Mama alimwongoza Subira, mgongo wazi, bila mzigo. Kwenye mwinuko jasho likawatiririka.

"Kumbe hii ndiyo kazi yake kila siku!" Kijiti akahema. "Mabega yanawaka moto!"

Walipofika shuleni, daktari akawakusanya. "Punda milia mzuri kwa macho, lakini mfunge mkokoteni uone: atakuuma, atakupiga teke. Punda huyu alikubali kutubebea. Aliyekubali kukubebea mzigo usimlipe vidonda. Na kidonda kinachofichwa hakiponi, kiwe cha punda au cha mtu."

Mama akamshika bintiye bega. "Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Leo nimeona punda aliyeumizwa asipige teke, na nimeona binti yangu akisema kweli mbele za watu, ingawa ilimuuma. Mpaka Subira apone, maji tutayabeba kichwani, mimi na wewe."

"Ndiyo, Mama," akajibu Tarumbeta. Kwa mara ya kwanza alinong'ona.

Kengele ikapigwa. Subira akasimamisha masikio, akalia kwa nguvu hadi akaimeza sauti ya kengele.

"Salaale!" Kijiti akapiga kelele. "Sasa tuna Tarumbeta wawili!"

Na Mama, kichwa juu, akacheka kuliko wote.