Komeo la Mama Akeza

Kwa jina la Mungu ashikaye funguo za uzima na mauti, ambaye mbele yake hapana mlango uliofichika, nafungua kinywa. Mimi ni Apollinaire, mzaliwa wa Bukavu kando ya ziwa Kivu, mkazi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi karibu na Lilongwe, kwa majaliwa wala si kwa hiari. Nitakayoyasimulia yalitukia nyumbani kwa jirani yangu, mchana kweupe, nami nikiwa nimeketi ndani.

Jirani huyo ni Kaneza, Mrundi, muuza maharage, ambaye sote twamwita Mama Akeza. Akeza alikuwa bintiye wa pekee. Mwaka wa kukimbia vita, walipokuwa wakivuka mto Malagarasi, mkono wa mtoto ulimponyoka majini. Alikuwa na umri wa miaka mitano. Mwili haukuonekana, na Kaneza akakataa matanga: asiyezikwa, alisema, haliliwi. Tangu hapo hakufunga mlango wake kwa komeo, usiku wala mchana, na kila jioni aliweka kikombe cha uji nyuma ya mlango huo. Asubuhi kikombe kilikuwa nusu. Majirani walisema ni paka.

Mpwa wangu Rodrigue alikuwa akijifunza kuandika filamu fupi huko Lilongwe, kwa mwalimu aitwaye Elodie, Mkongomani mwenzetu. Alihitaji hadithi ya kweli. Akamwendea Kaneza.

"Hiyo filamu itafika mbali?" akauliza mama yule.

"Itafika mu simu za bantu bote, mama. Tanzania, Canada, kote."

"Basi andika. Akeza akiiona, atajua bado namngoja. Lakini mwisho uache mlango wazi. Niapie."

Rodrigue akaapa.

Alifanya kazi kwa bidii. Katika senario, yaani andiko la filamu, alifuta hotuba zote alizokuwa amezipenda, akabakiza mama, kikombe, na mlango. Elodie aliisoma akatikisa kichwa.

"Senario yako iko muzuri. Maneno ni machache, mikono ya mama ndiyo inasema. Lakini haina mwisho. Mlango wazi si mwisho, ni uvivu. Mwenye kungoja lazima achague. Afunge."

Rodrigue alirudi kambini kwa basi dogo kupitia Lumbadzi, na kabla hajashuka alikwisha kuandika upya ukurasa wa mwisho. Kaneza hakuambiwa.

Siku ya kupiga picha jua lilikuwa kali, na nyumba imejaa kicheko. Épitace, mshika maikrofoni mwenye vipokea sauti masikioni, alimtania mwenyeji: "Mama Akeza, leo we ni staa. Ukifika Canada usituletee kiburi."

"Nikifika nitakuacha hapa hapa, na hayo masikio ya plastiki."

Ndipo Rodrigue akatoa komeo jipya la chuma, akalipigilia mlangoni kwa ndani.

Kaneza akalisogelea.

"Hilo la nini?"

"Ni ya sinema tu, mama. Funga kidogo, tutafungua."

"Mi sifungagi."

"Kidogo tu. Bila ile, filamu haitafika."

Kaneza alisitasita, akitazama mikono yake. Kisha, kwa kuwa alitaka filamu ifike, akafunga. Chuma kikalia.



Kisha mlango ukabishwa. Chini, usawa wa kiuno.

Sote tulikuwa ndani. Tulihesabiana kwa macho. Épitace alibana vipokea sauti masikioni, na uso wake ukageuka.

"Kuna mutoto," akanong'ona. "Anapumua."

Ndipo tukasikia wote. Kwa Kirundi, taratibu, bila hasira:

"Mama, kwa nini leo umefunga?"

Kaneza akanyoosha mkono afungue. Rodrigue akaudaka.

"Bado, mama. Kamera inaenda."

Alitaka uso wa mama uingie kwenye kamera. Aliupata.

Tulipofungua, kiwanja kilikuwa kitupu. Vumbi kavu la Oktoba. Kizingitini palikuwa na nyayo mbili ndogo, za maji. Vidole vilielekea ndani. Hapakuwa na nyayo nyingine, za kuja wala za kwenda.

Kaneza hakulia. Alizitazama hadi jua likazinywa.

"Miaka yote alikuwa anaingia," akasema. "Mlango ulikuwa wazi. Hakuwa na haja ya kubisha."

Huko Lilongwe filamu ilishangiliwa. Watu walisimama. Waliuliza mtoto mwenye sauti ile ni wa nani, kwa maana aliigiza vizuri mno. Rodrigue alisema ni wa jirani. Elodie akampiga begani: "Unaona? Mwisho ndiyo ule."

Mpwa wangu hajaandika tena. Hivi sasa anapanga chumba Biwi, mtaa wa huko Lilongwe, na wapangaji wenzake hulalamika kwamba halali mlango ukiwa umefungwa.

Kaneza yeye aling'oa mlango mzima. Nyumba yake haina mlango hadi leo, na mvua humnyeshea kitandani. Kila jioni huweka kikombe mahali pale pale. Asubuhi kimejaa hadi ukingoni, uji umeganda. Paka hawaugusi.

Komeo, likiwa limelowa maji, alinipa mimi nilitupe. Sikuthubutu. Nimeliweka juu ya kabati, mahali pakavu, mbali na paa linalovuja. Kiangazi kimepita, masika yamepita. Halijakauka. Kila asubuhi nalifuta, na kitambaa hunuka matope ya mto.

Nanyi mliosikiliza, Mungu awarudishie mnaowangoja, awape masikio ya kusikia hatua zao, na siku watakapofika wasiwakute mmeshika komeo. Amina.